Mwandishi Aliyewafuata Wasomaji Wake

Hakuna aliyenunua kitabu kwake akaondoka bila kuulizwa maswali. Unakaa wapi? Nyumbani kwenu nani anajua kusoma? Utakisoma peke yako au utawasomea wengine? Wapo waliodhani ni mtu wa serikali, wakakirudisha kitabu juu ya gunia na kwenda zao. Waliobaki walimjibu, naye aliwasikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakuandika chochote. Lakini hata mwaka ukipita, akikukuta mahali pengine angekuuliza, "Yule mjomba wako wa karibu na kinu, alikimaliza?"

Sisi wa mjini Kisii tulimwita Mwandishi. Jina lake nalijua, ila sikulitumia hata siku moja mbele yake, na sioni sababu ya kulitumia sasa.

Alikuwa mwembamba, mwenye koti la kijivu lililokuwa limepauka mabegani kwa jua. Siku za soko ungemkuta Daraja Mbili, kati ya akina mama wa ndizi na wauza mitumba. Siku nyingine alikuwa Kebirigo, au Nyamira, au popote lori la mizigo lilipokubali kumbeba. Alitandaza gunia, akapanga vitabu vyake vidogo vyenye jalada la karatasi ngumu, akavua kofia, kisha akaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Sauti yake haikuwa ya sokoni. Ilikuwa nyembamba, karibu ya mgonjwa, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza ili waisikie. Alipofika pale mlango unapogongwa, au mtu anapogeuka na kukuta kitanda kitupu, alikifunga kitabu.

"Iliyobaki iko hapa ndani," alisema, akigonga jalada kwa kidole.

Watu waliguna, wakacheka, wakanunua.

Kwetu alianza kuja kwa ajili ya lugha. Baba yangu alikuwa na duka la nguo mjini, na nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi za Waislamu wa mji ule, tulizungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi tulale. Mwandishi alikijua Kiswahili cha vitabuni kuliko sisi. Akiandika, huwezi kupata kosa. Akifungua mdomo, alikuwa kama watu wote wa milimani.

"Mzee, kitabu yangu iko tayari," angesema.

"Kitabu chako kiko tayari," baba angemjibu.

"Ndiyo. Hata mimi nimeandika hivyo."

Baba alishindwa kumwelewa. Alimwuliza siku moja kwa nini hazungumzi kama anavyoandika. Mwandishi akamwambia kwamba akizungumza vile kule kwao, watu watadhani anawasomea risala. Alichotaka kwetu ni kujua kama mtu wa mji angesema hivi au vile, kama neno hili bado lina watu wanaolitumia. Basi jioni kabla ya kufunga duka alikaa kwenye kiti cha wateja akamsomea baba, mimi nikipima vitambaa na kusikiliza. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimemaliza shule, na ndimi niliyeachiwa kazi ya kukunja karatasi na kuzibana pini zilipotoka kwa Mhindi mwenye mashine ya kuchapia.

Alikuwa ameacha ualimu kwa sababu ambayo hakuitaja. Aliwahi kwenda Nairobi na kazi yake mkononi, akarudi nayo. "Wameniambia watu wa Kisii hawasomi," alisema. "Nikawauliza, mmemwuliza nani?" Hakwenda tena. Kuhusu maduka ya vitabu alikuwa na maneno makali. Alisema mwenye duka hajui kitabu kimeingia nyumba gani, na mtu asiyejua hilo afadhali auze misumari.

Alichukia sifa. Ukimwambia kitabu ni kizuri alikunja uso. "Usiniambie ni kizuri. Niambie umefika wapi." Ukimwambia umelia alifurahi waziwazi, akasugua mikono. Hakufungua gunia Jumamosi hata kama angeombwa, maana ndiyo siku aliyokwenda kanisani, lakini mke wake aliniambia kwamba huko kanisani midomo yake ilikuwa ikicheza wakati wa mahubiri, na haikuwa sala.

Tabia yake moja ilikuwa mbaya, na kila mtu aliijua. Aliiba watu. Alikutazama viatu, akatazama unavyoshika kikombe, na baada ya miezi ungejikuta ndani ya hadithi, mwenye viatu vile na kikombe kile, ukiwa mlevi au mchumba mwongo. Kikohozi cha baba yangu alimpa mwizi wa ng'ombe. Baba alicheka hadi akakohoa kweli. Lakini kule Kebirigo palikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyechechemea, naye alipoukuta mwendo wake kwa mtu aliyemdhulumu yatima, alimfuata Mwandishi sokoni na panga.

"Ni mimi umeandika!"

"Ni mguu tu nimechukua, ndugu yangu," Mwandishi alimjibu. "Roho sijachukua."

Watu wakawaamua. Alipotusimulia dukani alicheka, na baba naye akacheka. Mimi sikupenda vile alivyolisema, kana kwamba mguu na roho vinaweza kutenganishwa na mtu anayesoma.

Miongoni mwa wasomaji wake hakuna aliyempenda kama ajuza mmoja wa upande wa Kebirigo. Mwandishi alimwita Magokoro, ndiyo kusema bibi, nasi tukamwita hivyohivyo. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wamekufa wakiwa wadogo. Kusoma alifundishwa na wamishonari utotoni, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wa umri wake, na marehemu mume wake aliyefanya kazi Kisumu alikuwa amemletea rangi ya buluu akapaka mlango wa nyumba yao. Kila kitabu cha Mwandishi kikitoka, alikuja nacho sokoni baada ya kukimaliza ili wagombane.

"Huyu msichana umemwua kwa nini? Amekukosea nini?"

"Hadithi ilitaka, Magokoro."

"Hadithi! Ni wewe ulitaka."

Alisoma peke yake ndani, mlango umefungwa, na kilipomchekesha alicheka kwa sauti. Kikimwudhi, alimjibu aliyemo kitabuni kana kwamba wameketi pamoja. Majirani waliopita njiani walisikia mwanamke asiye na mtu nyumbani akicheka na kubishana. Wakaanza kuulizana anaongea na nani.

Mwandishi alisikia minong'ono hiyo kabla yetu sote. Ndipo alipoamua kuandika kitabu kwa ajili yake. Alitueleza dukani, macho yanamwaka: mjane mwema, majirani wanamtuhumu uchawi, wanamtolea ushahidi mmoja baada ya mwingine, kisha ukweli unatoka na wanaona aibu. Alitaka wale wa kule wajisome. Baba alimwuliza kama ni lazima mlango uwe wa buluu.

"Ni lazima," alisema. "Wasipomjua, wataona aibu aje?"

Mwaka ule karatasi ziliadimika. Mhindi alisema zilizopo zinatosha nusu ya hadithi. Mwandishi hakusikitika sana. Alipachagua mwenyewe mahali pa kukata: majirani wamemaliza kutoa ushahidi wao, mmoja amemwona mjane akitembea uchi shambani alfajiri, mwingine mtoto wake amekufa baada ya kupewa ndizi, na sasa wanaume wanakata nyasi kavu na kuzifunga. Mjane yuko ndani, anaimba. Hapo kikaisha. Chini kabisa paliandikwa kwamba sehemu ya pili inakuja.

Nilizibana pini karatasi zake kwa mikono yangu. Nilipoufikia ukurasa wa mwisho nywele zilinisimama, nikamwambia. Akasugua mikono.

Kitabu kile kilinunuliwa kuliko vyote alivyowahi kuandika. Watu walikuja Daraja Mbili kutoka mbali wakikiulizia kwa kutaja mlango. Kilisomwa kwa sauti katika vilabu vya pombe, kilisomwa matangani. Alirudi dukani siku moja akatuambia kwa fahari kwamba amekuta wanaume wanakisikiliza chini ya kibanda cha fundi baiskeli, wala hawakugeuka kumtazama. Wiki zilizofuata fahari ile ilipungua. Jioni moja aliketi kwenye kile kiti cha wateja bila kufungua kitabu.

"Wananishukuru," alimwambia baba.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Hapana. Wananishukuru kwa kusema kweli. Jana mzee mmoja ameshika mkono yangu, akaniambia, 'Sisi tuliogopa kumtaja. Wewe mtu wa kusoma umemtaja.' Nikamwambia hiyo ni maneno ya majirani, si yangu. Akaniambia, 'Lakini ni wewe umeandika.'"

Baba akaacha kukunja kitambaa alichokuwa nacho. "Toa sehemu ya pili," alisema. "Itoe upesi."

Aliimaliza kwa haraka, akatafuta karatasi hadi Kisumu. Katika sehemu ile mtoto amekufa kwa surua, mwanamke wa shambani alikuwa mwingine kabisa, na yule wa kwanza kukata nyasi anapiga magoti mlangoni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya kwanza. Nilikwenda naye Kebirigo siku aliyoianza kuiuza, kwa kuwa baba alikuwa na vitambaa vya kupeleka huko kwa pikapu. Mwandishi alisimama, akavua kofia, akasoma. Watu walisikiliza kidogo, kisha mmoja akasema kwa Ekegusii, lugha ya kule, jambo lililofanya wengine wacheke.

"Amesema nini?" nilimwuliza.

"Amesema nimehongwa na hiyo mama," alijibu, akiendelea kutazama kitabu. "Au ameniroga."

Akaanza kuvitoa bure. Wakavichukua na kufungia chumvi.

Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya yale maswali yake yote. Alikwenda kuvifuata. Aliacha shamba, akaacha soko, akapita kilima kwa kilima, boma kwa boma, akiomba arudishiwe sehemu ya kwanza. Alimjua kila mnunuzi na mahali alipo. Wapo waliomrudishia kwa huruma, kwa kuona viatu vyake vilivyokwisha. Wengi walisema kimepotea, na yeye akikiona juu ya kabati nyuma yao. Mwanamke mmoja alimwambia waziwazi kwamba hawezi kukitoa kwa sababu wazee wamekiomba kwa ajili ya kikao.

"Kikao gani?" alimwuliza.

"Wewe si ndiye umeandika? Unaniuliza mimi?"

Kisha mtoto wa jirani wa Magokoro akashikwa na homa, akafa.

Habari ilitufikia asubuhi, siku ambayo baba alikuwa anapakia mzigo. Mwandishi aliingia dukani akihema. Hakusalimu. Alisema tu, "Mzee, gari." Baba alishusha vitambaa vyote chini, barabarani, akamwambia mfanyakazi avilinde. Tukaondoka sisi watatu.

Tulimkuta Magokoro nyuma ya mlango wake wa buluu, ameketi karibu na dirisha, sehemu ya kwanza mkononi. Hakuwa na kitabu hicho mwanzoni. Mwandishi alikuwa amemnyima kwa makusudi, akitaka ampe hadithi yote kwa pamoja, na ya pili ilipokataliwa hakuthubutu tena. Mtu alikuwa amemtupia mlangoni. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

"Huyu mama ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, Magokoro."

"Mbona umeniacha hapa?"

Sijamwona mtu akipigwa na neno namna ile. Mwandishi alishika mwimo wa mlango. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa sehemu ya pili, akampa kwa mikono yote miwili. Bibi akaifungua palepale, akaanza kusoma, midomo ikicheza.

"Mama, twende, tafadhali," baba yangu alisema. "Utasoma garini."

"Hii, wao wamesoma?" alimwuliza Mwandishi, bila kuinua macho.

"Hawajasoma."

"Basi inanisaidia nini?"

Hata hivyo aliinuka. Alichukua blanketi, sufuria moja na vitabu vyake vyote, akafunga mlango kwa ufunguo kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Nje, upande wa pili wa ua wa miti, wanaume walikuwa wamesimama na mapanga. Mmoja wao aliinua kofia kumsalimu Mwandishi, kwa heshima kabisa, na hilo ndilo lililonitia baridi kuliko mapanga yao. Walitutazama tunavyompandisha bibi mbele, karibu na baba aliyeendesha. Tulipofika kwenye kona ya barabara kuu niligeuka nikaona moshi. Ulikuwa mchana kweupe. Baba alikuwa akisoma dua chinichini. Magokoro hakugeuka. Alikuwa ameshafika katikati ya sehemu ya pili.

Tulimpeleka Nyacheki, kwenye shamba la Mwandishi la majani chai. Nilijua mke wake ni mkali, maana kilimo chote kilikuwa juu yake wakati mumewe akizunguka na gunia, na nilijiandaa kwa kelele. Alimtazama mjane, akamtazama mumewe.

"Ni huyu?"

"Ni yeye."

"Ingia, mama," alisema. Kisha akamwambia mumewe, "Wewe kaa nje kwanza."

Magokoro aliishi pale miaka kadhaa. Alichuma chai karibu na nyumba, alisoma, alicheka kwa sauti, na mke wa Mwandishi aliyazoea. Majirani wa huko nao walianza kuuliza kwa nini mtu amhifadhi mwanamke aliyefukuzwa kwao, na kuna wakati hakuna aliyekuja kuwasaidia kuvuna. Magokoro alikufa kwa uzee, kitandani. Mwandishi alimzika katika shamba lake mwenyewe, na waliohudhuria walikuwa wachache kiasi kwamba baba yangu, Mwislamu wa mjini, alishika jeneza upande mmoja.

Baada ya siku ile ya moshi hakuandika tena hadithi. Taipureta yake aliileta dukani akaiacha, wala hakuiulizia. Nilidhani ataendelea kuvitafuta vile vitabu, na kweli kwa muda alivitafuta, kisha umri ukamzuia. Akija mjini alikuja kama wakulima wengine, na kikapu. Baba alipofariki nikalishika duka mimi, na siku za soko nilipeleka vitambaa Daraja Mbili. Tukawa tunauza karibu karibu, mimi kanga, yeye ndizi. Tulizungumza habari za mvua. Vitabu hatukuvitaja.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, asubuhi ya soko, kijana mmoja aliponunua ndizi kwake na kubaki amesimama. Alikuwa amevaa vizuri, suruali pana za wakati ule, labda karani mahali.

"Samahani, mzee," alisema. "Si wewe ndiye Mwandishi?"

Akina mama waliokuwa karibu wakajibu kwa niaba yake.

"Wacha!" Kijana akacheka kwa furaha. "Baba yetu alitusomea ile ya mlango wa buluu tukiwa wadogo. Tunayo hata sasa, imeshonwa upya na uzi." Akaanza kuisema kwa moyo. Alisema ushahidi wa kwanza, wa mwanamke wa shambani alfajiri, bila kukosea neno, kwa Kiswahili kilekile safi. Akasema ushahidi wa ndizi. Watu wakasogea kusikiliza. Niliona mikono ya Mwandishi imelala juu ya magoti, imegeuzwa viganja juu, kama si yake.

"Nilitoa sehemu ya pili," alisema polepole.

"Kuna ya pili? Hiyo hatujawahi sikia." Kijana akainama karibu naye, akapunguza sauti, lakini nilisikia. "Unajua, mzee, hata kwetu yuko mmoja. Anakaa peke yake, ng'ambo ya mto. Wazee wanasema ni kama yule wa kitabu, hakuna tofauti."

Mwandishi aliinuka. Ilimchukua muda, maana magoti yalikuwa mabovu. "Unarudi nyumbani leo?"

"Saa hizi tu."

"Nitaenda na wewe."

Kijana hakuamini bahati yake. "Mwandishi mwenyewe! Watu watafurahi sana kukuona."

"Mzee, utawaambia nini?" nilimwuliza.

Alinitazama. "Sijui, dada. Zamani nilikuwa na maneno." Akaniachia ndizi zake. Wakaondoka, kijana akimshika kiwiko na kumtangazia kila waliyempita huyu ni nani, na watu wakigeuka kumtazama.

Soko lililofuata alikuja mke wake kuchukua kikapu. Nilimwuliza habari, naye akaketi kwenye gunia langu la kanga kabla hajajibu. Mumewe hataki kurudi, alisema. Amekwenda kumchukua akamkuta uani kwa yule mwanamke wa ng'ambo ya mto, juu ya kigoda, wanachambua maharagwe pamoja, mahali ambapo kila mpita njia anawaona. Hulala kwenye kibanda cha mbuzi kando ya mlango wa yule mwanamke.

"Na watu wa huko?"

"Wanapita kila siku. Wanamsalimu vizuri, wanamwuliza kitabu kingine kinatoka lini."

"Yeye anawajibu nini?"

"Anawaambia wakae kidogo awaambie sehemu ya pili." Alijifunga leso upya kiunoni, akakitwaa kikapu. "Hawakai."